Mfalme Edward IV na Wanawake Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja wafalme wa Uingereza na mambo ya mapenzi, watu wengi hukimbilia Henry VIII na wake zake sita. Babu yake mzaa mama, Edward IV, husahaulika, na hali kisa chake ndicho kinachoniuma zaidi. Alioa kwa mapenzi, akaoa kwa siri, na siri hiyo, pamoja na nyingine iliyosemekana kuitangulia, ikaja kuwanyang'anya wanawe taji kabla yeye hajamaliza miezi mitatu kaburini. Nimeyakusanya hapa maswali yanayoulizwa sana kumhusu.

Edward IV ni yupi hasa? Akina Edward ni wengi.

Ni wengi kweli, na wanachanganya. Huyu wetu alizaliwa Rouen, Ufaransa, tarehe 28 Aprili 1442. Baba yake alikuwa Richard, Duke wa York, na mama yake Cecily Neville. Alitwaa kiti cha enzi Machi 1461 akiwa na miaka 18 tu, katikati ya Vita vya Mawaridi, pale ukoo wa York wenye nembo ya waridi jeupe ulipokuwa ukigombea taji na ukoo wa Lancaster. Mwezi huohuo aliwapiga maadui zake huko Towton, siku ya Jumapili ya Matawi, theluji ikianguka. Mwaka 1470 alipinduliwa akakimbia nchi, akarudi 1471, akatawala mpaka alipofariki tarehe 9 Aprili 1483, siku chache kabla ya kutimiza miaka 41.

Alikuwa pande la mtu. Mwaka 1789 mafundi waliokuwa wakitengeneza sakafu ya kanisa la Mtakatifu George, Windsor, walilikuta jeneza lake la madini ya risasi, mifupa ikapimwa: karibu mita 1.92. Philippe de Commynes, mwanadiplomasia aliyekutana naye uso kwa uso, aliandika kwamba hakuwahi kuona mwana wa mfalme mzuri wa sura kuliko yeye, ingawa miaka ya mwisho alikuwa amenenepa. Na alikuwa na kipaji cha watu. Mwandishi wa kumbukumbu za abasia (nyumba ya watawa) ya Crowland anasema alikumbuka majina na habari za karibu kila bwana mwenye mali katika majimbo yote ya nchi. Mtu wa namna hiyo, kijana, mrefu, mwenye taji, na anayelikumbuka jina lako. Si ajabu wanawake walimsikiliza.

Ni kweli alikuwa mtu wa wanawake kiasi hicho?

Ni kweli, na hakujificha. Dominic Mancini, msomi wa Kiitaliano aliyekuwa London mwaka 1483, anasema mfalme aliwafuata wanawake bila kubagua, wenye waume na wasio na waume, wa ukoo bora na wa watu wa kawaida, na akishatosheka aliwaachia rafiki zake. Anaongeza kwamba hakumlazimisha mwanamke yeyote. Aliwapata kwa fedha na kwa ahadi.

Neno hilo la mwisho, ahadi, ndilo la kulishika, maana litarudi. Na hata hilo la "hakumlazimisha" nalisoma kwa tahadhari. Mfalme anapokuja nyumbani kwa mfanyabiashara na kumtaka mkewe, nani ana uhuru wa kusema hapana?

Sifa hizi zilivuka bahari. Mwaka 1475 Edward na Louis XI wa Ufaransa walikutana Picquigny, juu ya daraja la mto Somme, kutia saini mkataba wa amani. Louis akamtania: njoo Paris ustarehe na mabibi wa huko, na ukitenda dhambi, huyu hapa Kardinali wa Bourbon atakuungamisha na kukuondolea upesi. Edward alifurahi mno kiasi kwamba, kwa maelezo ya Commynes aliyekuwapo, Louis aliingiwa na wasiwasi kwamba mgeni atakuja kweli.

Elizabeth Woodville alikuwa nani kabla ya kuwa malkia?

Alikuwa mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Mumewe, Sir John Grey wa Groby, aliuawa Februari 1461 katika vita vya pili vya St Albans, akipigana upande wa Lancaster, yaani upande wa maadui wa Edward. Elizabeth alimzidi Edward umri kwa kama miaka mitano. Baba yake, Richard Woodville, hakuwa mtu wa ukoo mkubwa. Mama yake, Jacquetta wa Luxembourg, alikuwa ametoka kwenye familia kubwa ya bara Ulaya, na aliolewa kwanza na Duke wa Bedford, mdogo wake Henry V. Bedford alipofariki, Jacquetta akiwa bado binti, alijiozesha kwa siri kwa Woodville, askari mzuri wa sura aliyekuwa chini yake mbali kwa cheo. Walitozwa faini ya pauni 1,000. Kwa hiyo Elizabeth mwenyewe alikuwa tunda la ndoa ya siri, na mama aliyesimamia ndoa yake alikuwa ameshaipita njia hiyo.

Je, ni kweli alimngoja mfalme chini ya mti wa mwaloni?

Hadithi inasema alisimama chini ya mwaloni karibu na Grafton, kila mtoto mkono mmoja, mfalme akapita akiwinda, naye akamwomba arudishiwe mali ya marehemu mumewe. Ni hadithi tamu, na imeshikiliwa sana na wenyeji wa huko.

Mimi naiamini zaidi karatasi moja kavu ya tarehe 13 Aprili 1464. Ni mkataba kati ya Elizabeth na Bwana Hastings, rafiki wa karibu kuliko wote wa mfalme. Elizabeth alikuwa na mgogoro na ukwe kuhusu mashamba ya wanawe. Akamwomba Hastings amsaidie, na kwa malipo akakubali mmoja wa wanawe amwoe binti wa Hastings au wa jamaa yake, hata binti ambaye bado hajazaliwa, na mapato wagawane. Yaani majuma yasiyozidi matatu kabla ya harusi yake na mfalme, mama huyu alikuwa akibembeleza msaada kwa masharti magumu, kama mjane yeyote anayebanwa na wakwe. Mwanamke anayejua kwamba mwezi ujao atakuwa malkia hatii saini karatasi ya namna ile. Jambo lenyewe lilikuja ghafla.

Na kisu? Nimesoma alimwekea kisu shingoni.

Hiyo inatoka kwa Mancini: kwamba Edward alimtishia kwa jambia, naye hakutikisika, akasema bora afe kuliko kuishi bila heshima. Zipo simulizi nyingine zinazomweka jambia mkononi mwa Elizabeth mwenyewe. Zilisimuliwa na watu ambao hawakuwapo. Kilicho wazi katika zote ni kimoja: alikataa kuwa hawara. Alimwambia mfalme kwamba kama yeye si wa hadhi ya kuwa mke wake, basi pia ni wa hadhi ya juu mno kuwa kimada wake. Hivyo ndivyo Thomas More, mwandishi wa kizazi kilichofuata, alivyokuja kuyaandika maneno hayo.

Ndoa ilifungwaje?

Robert Fabyan, mfanyabiashara wa vitambaa wa London aliyeandika historia ya mji wake, ametuachia picha yake, na naipenda kwa udogo wake.

Usiku wa tarehe 30 Aprili 1464 mfalme alilala mji wa Stony Stratford, akiwa safarini kwenda kaskazini kupambana na watu wa Lancaster. Alfajiri ya tarehe 1 Mei aliondoka kama anakwenda kuwinda. Akafika Grafton, nyumbani kwa akina Woodville. Waliokuwapo harusini: bwana harusi, bibi harusi, mama mzaa chema Jacquetta, kasisi, wanawake wawili, na kijana mmoja wa kumsaidia kasisi kuimba. Basi. Harusi ya mfalme wa Uingereza, hata watu kumi hawakufika. Baada ya ibada wakaingia chumbani, akakaa saa tatu au nne, akapanda farasi akarudi Stony Stratford akijifanya amechoka na mawindo, akalala tena.

Siku moja au mbili baadaye akampelekea ujumbe baba mkwe kwamba angependa kufika kwake kama mgeni. Akapokelewa kwa heshima zote, akakaa siku nne. Na kila usiku Elizabeth alipelekwa chumbani kwake kimyakimya, Jacquetta akiwa karibu mtu pekee anayejua. Mfalme alikuwa ametimiza miaka 22 siku tatu kabla ya harusi.

Kwa nini aliificha miezi mitano?

Kwa sababu alijua amefanya jambo ambalo halijafanywa. Tangu Wanormani waiteke Uingereza mwaka 1066 hakuna mfalme aliyekuwa tayari kwenye kiti ambaye alimwoa mwanamke raia wake. Ndoa ya mfalme ilikuwa silaha ya serikali: unaoa binti wa nchi nyingine, unapata amani, mahari, bandari, jeshi. Na wakati ule binamu yake, Earl wa Warwick, mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kumweka madarakani, alikuwa katika mazungumzo na Ufaransa ili Edward amwoe Bona wa Savoy, shemeji yake Louis XI.

Septemba 1464 baraza kuu likakutana mjini Reading. Wakuu wakamsukuma atoe jibu kuhusu Bona. Hapo ndipo akafungua kinywa: nimeshaoa. Walimwambia waziwazi kwamba Elizabeth, hata awe mwema na mzuri kiasi gani, si mke wa mfalme. Tarehe 29 mwezi huohuo, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, Elizabeth akaingizwa katika kanisa la abasia ya Reading na kutambulishwa kuwa malkia. Waliomshika mkono kumwongoza ni Clarence, mdogo wake mfalme, na Warwick mwenyewe. Fikiria uso wa Warwick siku hiyo.

Mama yake Edward alisemaje?

Alikasirika vibaya. Mancini anadai kwamba kwa hasira Cecily alisema yuko tayari kutamka kwamba Edward si mtoto halali. Kwa upande wa More, mama alilalamika kwamba Elizabeth ni mjane tena ana watoto, na Edward akajibu: ndiyo, ana watoto, na mimi ni kapera lakini nami ninao wangu, kwa hiyo kila mmoja ameshathibitisha kwamba si tasa. Jibu hilo ni la Edward mtupu, kama More alilisikia kwa watu waliomfahamu.

Je, ndoa hii ndiyo iliyomfanya Warwick aasi?

Si peke yake, na si mara moja. Aliasi mwaka 1469, miaka mitano baadaye. Aliyemchosha zaidi si Elizabeth, ni familia yake. Malkia alikuja na wadogo wengi, na wote wakatafutiwa wachumba bora nchini kwa haraka, hata wakuu wengine wakakosa wa kuwaozesha watoto wao. Ndoa iliyotia watu kichefuchefu ni ya Januari 1465: John Woodville, kijana wa miaka kama 20, alipomwoa Katherine Neville, mjane wa Duke wa Norfolk, bibi wa miaka kama 65, ambaye ni shangazi yake Warwick. Mwandishi mmoja wa wakati ule aliiita kwa Kilatini ndoa ya kishetani. Na bibi huyo ndiye aliyemzika kijana.

Warwick alikuwa na mabinti wawili tu, hana wa kiume. Alitaka mkubwa, Isabel, aolewe na Clarence. Edward akakataa. Warwick akawaozesha kwa nguvu zake huko Calais, Julai 1469, kisha akavuka na jeshi. Akamkamata baba yake malkia pamoja na yule John, akawakata vichwa. Mwaka uliofuata Edward alikimbilia nchi za Burgundy, Elizabeth akiwa na mimba kubwa akaingia hifadhini Westminster, ndani ya eneo la abasia ambalo askari hawaruhusiwi kukanyaga. Mchinjaji mmoja wa London akawa anampelekea nusu ya ng'ombe na kondoo wawili kila juma. Humo ndimo alimojifungulia mtoto wa kiume, tarehe 2 Novemba 1470, wakamwita Edward. Mfalme akarudi Machi 1471, na siku ya Pasaka Warwick akauawa vitani Barnet.

Waliosema Elizabeth alimroga mfalme walikuwa na ushahidi gani?

Kinyago cha madini ya risasi. Mwaka 1469 mtu wa upande wa Warwick alileta kinyago kidogo chenye umbo la askari, kimevunjika katikati na kufungwa kwa waya, akadai kimetengenezwa na Jacquetta. Jacquetta hakungoja, alipeleka mashtaka mbele ya baraza la mfalme, mashahidi wakarudi nyuma, na mapema mwaka 1470 akasafishwa jina. Lakini uvumi wa uchawi ukishatoka haurudi. Mwaka 1484, Jacquetta akiwa amekufa zamani, bunge la Richard III, mdogo wake Edward aliyetwaa taji baada yake, liliuandika tena kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu.

Inaniudhi hadithi hii. Kijana wa miaka 22 anapenda, anaoa, na lawama inatafutiwa mama mkwe.

Waliishi vizuri kama mume na mke?

Walizaa watoto kumi katika miaka kumi na minne, wa kike saba na wa kiume watatu, wa kwanza akiwa Elizabeth wa York, Februari 1466, na wa mwisho Bridget, 1480, ambaye alikuwa mtawa huko Dartford. Nyumba ndogo zilikuwapo wakati wote huo, na malkia alizijua. Mtu ambaye malkia alimchukia ni Hastings, kwa sababu alimwona ndiye anayeandamana na mumewe kwenye starehe hizo. Hata hivyo Edward hakumwacha wala hakumtesa, na alipokwenda vitani Ufaransa mwaka 1475 alimtaja wa kwanza kati ya wasimamizi wa wosia wake, akimwita mke wake mpenzi. Naamini alimpenda. Hakuwa mwaminifu kwake, na hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja.

Jane Shore alikuwa nani?

Kwanza jina. Hakuitwa Jane. Aliitwa Elizabeth, binti wa John Lambert, mfanyabiashara tajiri wa vitambaa London. "Jane" alibandikwa na mwandishi wa tamthilia zaidi ya miaka mia moja baadaye, na likamganda.

Aliozwa kwa William Shore, naye mfanyabiashara. Mwaka 1476 aliomba ndoa ivunjwe, na Papa Sixtus IV akaagiza maaskofu watatu waisikilize kesi. Sababu yake: mume hakuwa na uwezo wa kiume, naye alitamani kuwa mama. Tafakari ujasiri wa mwanamke wa karne ya 15 kulisema hilo mbele ya maaskofu. Akashinda.

Thomas More anasema mfalme alijigamba kuwa na mahawara watatu wenye sifa tofauti: mmoja mchangamfu kuliko wote, mmoja mjanja kuliko wote, mmoja mcha Mungu kuliko wote katika ufalme. Mchangamfu ndiye huyu. More anamweleza kwa upole usio wa kawaida yake: alikuwa mzuri, hukuona cha kubadilisha mwilini mwake isipokuwa labda ungetamani awe mrefu kidogo, alijua kusoma na kuandika, alikuwa mwepesi wa jibu. Mfalme akikasirika, yeye alimtuliza. Mtu akiwa amekosa kibali, yeye alimrudisha. Nguvu aliyokuwa nayo hakuitumia kumuumiza mtu. Na anaandika kwamba wengine mfalme alikuwa nao tu, lakini huyu alimpenda.

Ilikuwaje kwake mfalme alipokufa?

Richard, Duke wa Gloucester, mdogo wa mfalme aliyekufa, ndiye huyo Richard III, alimtia mbaroni katika kiangazi cha 1483 na kumfanyisha toba ya hadharani kama malaya. Alitembezwa London siku ya Jumapili, mshumaa mkononi, amevaa vazi la ndani tu, watu wamejaa njia nzima. More anasema aibu ilimtia wekundu mashavuni, rangi ambayo kwa kawaida hakuwa nayo, akazidi kupendeza. Na wengi waliochukia maisha yake walimhurumia kuliko kufurahia kuadhibiwa kwake. Kisha akafungwa gereza la Ludgate.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Thomas Lynom, mwanasheria wa Richard mwenyewe, alimpenda na kutaka kumwoa. Barua ya Richard kwa chansela wake, Askofu John Russell, ipo mpaka leo: anamwomba azungumze na Lynom amtoe akili hiyo, lakini kama ameshaamua kabisa, basi mwanamke akabidhiwe kwa baba yake na ndoa isubiri. Walioana, wakapata binti. More alipoandika, miaka 30 baadaye, mama huyu alikuwa bado hai, mzee aliyekonda na maskini.

Na watoto wa nje ya ndoa?

Anayejulikana zaidi ni Arthur Plantagenet, aliyekuja kuwa Bwana Lisle na gavana wa Calais chini ya Henry VIII. Alifia katika Mnara wa London mwaka 1542. Alikuwapo pia binti aitwaye Grace. Tutakutana naye mwishoni.

Eleanor Talbot ni nani, na kwa nini jina lake liliibuka akiwa ameshakufa?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote.

Lady Eleanor alikuwa binti wa John Talbot, Earl wa Shrewsbury, jemadari mashuhuri wa vita vya Ufaransa. Alikuwa mjane wa Sir Thomas Butler. Alikufa Juni 1468 na kuzikwa kwa Wakarmeli mjini Norwich. Maisha yake yote hakusimama mahali popote kudai kitu kwa mfalme.

Juni 1483, mfalme akiwa kaburini na mwanawe wa miaka 12 akingojea kutawazwa, habari ikatolewa hadharani: kabla ya Elizabeth, Edward alikuwa ameshafunga ahadi ya ndoa na Eleanor. Kwa hiyo Elizabeth hakuwa mke, na watoto wote kumi ni haramu. Commynes anamtaja aliyesema: Robert Stillington, askofu wa Bath na Wells, aliyedai yeye ndiye aliyewaunganisha. Tarehe 22 Juni Ralph Shaa alihubiri London kwamba machipukizi ya haramu hayatashika mizizi. Siku nne baadaye Richard akashika taji. Januari 1484 bunge likaiweka hoja hiyo katika sheria, na kwa jina: Eleanor Butler, binti wa Earl wa zamani wa Shrewsbury.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini ahadi bila mashahidi inawezaje kuwa ndoa?

Msomaji aliyezoea nikaha yenye walii na mashahidi wawili, au harusi ya kanisani yenye matangazo Jumapili tatu, ataona ni kichekesho. Lakini sheria ya Kanisa wakati ule ilisema ridhaa ya wawili ndiyo ndoa. Mwanamume akisema "nakuoa", mwanamke akaitikia "nami naolewa nawe", wameoana, hata wakiwa wawili tu chumbani. Wakisema "nitakuoa" kisha wakalala pamoja, hesabu ni ileile. Kuficha ilikuwa kosa la kuadhibiwa, lakini hakukuifuta ndoa.

Ndiyo maana mfalme mwenye mazoea ya kupata wanawake "kwa ahadi" alikuwa anacheza na moto. Na ndiyo maana watu waliisadiki habari ya Eleanor. Yeye mwenyewe hakuweza kuulizwa, Edward hakuweza kuulizwa, na mjini hakuna aliyeshangaa kwamba mtu aliyemwoa mjane mmoja gizani huenda alikuwa amemwoa mwingine vilevile.

Je, ilikuwa kweli au uzushi wa Richard?

Wanahistoria wamegawanyika mpaka leo. Wanaoiamini wanasema Stillington alitiwa ndani kwa muda mwaka 1478, mara baada ya Clarence kuuawa, kama mtu aliyejua asichotakiwa kukijua. Na kwamba Henry VII alipotwaa nchi mwaka 1485 aliifuta sheria ile bila kuruhusu isomwe, akaamuru nakala zote ziharibiwe. Wanaoipinga wanasema ilijitokeza siku ileile ilipomfaa Richard, na mashahidi wote wakiwa wafu isipokuwa mmoja.

Mimi jambo linalonisumbua ni tarehe. Eleanor alikufa 1468. Mtoto wa kwanza wa kiume wa Elizabeth alizaliwa Novemba 1470. Kama kulikuwa na kasoro, Edward alikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kwenda kwa Papa, kutubu na kuirekebisha ndoa kabla mrithi hajazaliwa. Na kama hakukuwa na kasoro, harusi moja ya wazi, mbele ya maaskofu na wakuu, ingemfunga kila mtu mdomo. Hakufanya la kwanza wala la pili.

Wana wa mfalme waliishia wapi?

Tarehe 30 Aprili 1483 mfalme mdogo, Edward V, alikuwa safarini kwenda London. Alikamatwa na ami yake Richard mjini Stony Stratford. Mji uleule. Tarehe ileile ambayo, miaka 19 kabla, baba yake alilala hapo akingojea alfajiri aende Grafton.

Habari zilipofika Westminster usiku, malkia alikimbilia hifadhini mara ya pili. More anamchora ameketi peke yake chini kwenye manyasi ya sakafuni, ameshikwa na bumbuwazi, huku watumishi wakipishana na masanduku na mizigo, wengine wakibomoa ukuta ili kupitisha vitu kwa njia ya mkato. Mwezi Juni walimshawishi amtoe mwanawe mdogo, Richard, wa miaka tisa, ili awe pamoja na kaka yake Mnarani. Wavulana hao walionekana wakicheza uani, kisha madirishani, kisha hawakuonekana tena.

Ufalme wa leo una uhusiano wowote na ndoa ile?

Una uhusiano wa damu. Binti mkubwa, Elizabeth wa York, aliolewa na Henry VII Januari 1486, na kila aliyekalia kiti cha Uingereza kwa urithi tangu Henry VIII mpaka Charles III ametokana naye.

Edward na Elizabeth wamezikwa wapi?

Pamoja, Windsor, katika kanisa ambalo Edward mwenyewe alianza kulijenga. Hastings, yule mwenzake wa starehe, yuko karibu nao.

Mfalme alizikwa kwa heshima zote za kifalme. Elizabeth alikufa tarehe 8 Juni 1492 katika abasia ya Bermondsey, hana mali. Katika wosia wake alisema hana kitu cha kumwachia binti yake malkia wala watoto wengine, kwa hiyo anawaachia baraka zake. Na akaomba alazwe kando ya mumewe bila fahari yoyote. Siku mbili baadaye jeneza lake likapakiwa mashuani, likapandishwa mto Thames. Waliolisindikiza walikuwa wachache, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao alikuwa Grace, mtoto ambaye mumewe alimzaa na mwanamke mwingine. Wakafika Windsor usiku, wakapita bustani ndogo kuingia ngomeni, na hakuna kengele iliyogongwa.